Dawa Aliyoiacha Bibi

Zamani, Nguchiro alimpeleka bintiye kwa mganga Kakakuona.

"Nikimtuma maji, anarudi na kipepeo," alilalamika. "Mvivu huyu!"

"Si mvivu, ni akili yake hurukaruka," alisema Kakakuona. "Na wewe utotoni?"

Nguchiro akacheka. "Vivyo hivyo! Ila marehemu bibi alikuwa akikaa kando yangu nikichimba, ananipa shimo moja moja, tukimaliza tunaimba. Tangu afariki, sijamaliza shimo hata moja." Kicheko kikamkatika. "Kumbe hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Na dawa yenu bibi alikwisha kuiacha."

Siku ile mama na binti walichimba bega kwa bega. Shimo lilipokamilika, Nguchiro alilia.

"Bibi alikuwaje?" binti aliuliza, akatulia kusikiliza.