Picha Tatu za Bandari

Ka, ka, ka. Gizani, hanga za nguo zilikuwa zinagongana kabatini.

Mama alizisikiliza mara moja tu, akajua: meli imegeuza njia, mawimbi yanaipiga ubavuni, na bandari ya tatu nayo imekwenda na maji. Alishuka kitandani, akapachika taulo katikati ya hanga. Kelele zikafa.

"Leo tena hatushuki," alisema.

"Nani kakwambia?" wifi yake alijibu kutoka kitanda cha pili. "Nahodha mwenyewe bado anakoroma."

Kulipokucha, kipaza sauti kikatoa samahani zile zile. Bahari imechafuka, ratiba imebadilika, meli itapita bila kutia nanga. Saa nne, ukumbini, kutakuwa na mashindano ya kukunja leso.

"Kukunja leso!" Mama aliruka. "Ya kwanza upepo. Ya pili eti gati limejaa. Ya tatu mawimbi. Nimemwahidi mtoto nikamwahidi tena, sasa nikamkunjie leso?"

Picha za bandari hizo tatu zilikuwa juu ya meza, pembe zimelegea kwa kushikwashikwa. Moja ya mnara, moja ya ngazi za mawe, moja ya soko la maua. Mama ndiye aliyezituma nyumbani, zikakaa ukutani tangu binti hajajua kusoma, na sasa ana miaka tisa. Mama aliapa kumshika mkono na kutembea naye ndani ya kila picha. Hiyo ndiyo ilikuwa safari. Bwawa, muziki, vyakula vya kujipakulia, hayo yote mapambo.

"Punguza moto, wifi yangu," shangazi mtu alisema huku akipiga miayo. "Kwani wewe mwenyewe soko hilo ulilikanyaga lini?"

 Mama aliyageukia mashuka, akatandika vitanda vyote vitatu, pembe zimekaza kama bahasha. Mhudumu wa vyumba alipobisha hodi, alibaki mlangoni akicheka.

"Dada, mbona unaninyang'anya kazi?"

"Nisamehe, mwenzangu. Mazoea yana taabu."

Binti alichukua kitana, akampelekea shangazi yake amsuke, kama siku zote. Mama akatazama pembeni.

"Mama, leo twende chini?" mtoto aliuliza, kichwa kimeinamishwa. Tangu juzi wimbo wake ulikuwa huo.

"Chini hakuna kitu, mwanangu. Hakuna hata dirisha."

Akaenda mapokezi, akasimama foleni ya watu walionuna kama yeye.

"Boti ndogo je?" alimwuliza karani. "Nyuma ya ile rasi huwa pametulia."

"Bibi, hatushuki. Chukua kuponi hii, ukapate juisi ya bure."

"Juisi sikuikosa kwangu!"

Alirudi mikono mitupu, kifua kimejaa.

Saa nne meli ikapita mbele ya bandari. Walisimama kwenye reli, upepo ukiwapiga makofi. Mji ulikuwa mstari mweupe tu, na mnara wake hauzidi punje ya mchele. Mama aliinua picha, akafumba jicho moja, akajaribu kuulinganisha mnara na mnara. 

"Ndio ule," alisema. "Uangalie vizuri, maana hatutaukaribia zaidi ya hapo. Una mama mwongo, mwanangu."

"We!" wifi alimkemea. "Usijitukane mbele ya mtoto."

Binti alimpokonya picha taratibu. Akaipanga pamoja na zile mbili, akazitia mfukoni kama mtu aliyemaliza kusoma barua. Kisha akamshika mama yake mkono, akamvuta. Wakateremka ngazi zenye zulia, halafu ngazi za chuma tupu, hewa ikizidi kunuka sabuni na mafuta ya mashine. Ngazi zikaishia kwenye mlango mweupe ulioandikwa: WAFANYAKAZI TU.

"Turudi," mama alinong'ona. "Hapa sina ruhusa tena."

Binti aliweka kiganja juu ya mlango, hakukitoa.

"Mimi nilitaka kuona ulikokuwa unalala miaka ile yote."