Jina la Baba Mkwe

"Mika nani?" karani wa hospitali pale Mbeya aliuliza tena, kalamu ikingoja juu ya daftari.

Damari aliinamisha kichwa. Jina la pili la mumewe lilikuwa la baba mkwe, na kwao Rungwe mke halitamki hata akiwa peke yake shambani. Tangu ndoa hadi mwaka huu wa 1956 hakuwahi. Kwa kuwa lilifanana na neno la kuni, kuni aliziita "vikavu". Wanawe wakanyonya neno hilo kwake, majirani wakalidaka, na sasa mlima mzima unasema vikavu. Lile la zamani wamebaki nalo wazee.

"Mama, akina Mika ni wengi. Tangu Jumatatu unakaa tu kwenye benchi."

"Nilimngoja mtu wa kwetu anisemee, baba."

Hakuja mtu. Damari alifumba macho, akamwomba Bwana msamaha, akalitamka.

Kidole cha karani kilishuka polepole kwenye daftari, kikasimama.

"Huyu tulimzika jana, mama. Tulidhani hana mtu."