Jalada Lenye Macho ya Mama

Siku hizi jarida la mastaa halina jalada moja kwa watu wote. Kila nyumba huletewa lake, na staa wa jaladani huvalishwa uso wa mtu anayependwa humo, ili wenyewe washindwe kulitupa.

Letu lilifika asubuhi ya arobaini ya mama. Kwa desturi yetu, picha zake zote zilikuwa zimegeuziwa ukutani mpaka dua isomwe. Nikafungua mlango, nikamkuta jaladani, kizingitini: mwimbaji mabega wazi, nywele za bandia, na macho ya mama yangu. Hata kidoti chake cha shavuni walikiweka, wakakitia mng'aro. Chini, kwa herufi nene za manjano: NIMEMMWAGA MUME, NALA RAHA!

Nikaliokota jarida. Nikalipeleka jikoni nilichome. Baba akanishika mkono.

"Saumu, usimchome mama yako."

"Huyu si mama, baba! Wanatuuzia uchafu wao kwa sura ya marehemu!"

"Najua, mwanangu. Lakini tazama anavyonitazama."

Akalifuta kwa ncha ya kikoi chake, akaliegemeza kando ya kitanda.

Dua ilipokwisha na wageni kuondoka, nikaigeuza picha ya mama mwenyewe, ile aliyopigwa uani akianika nguo, jicho moja kalifumba kwa jua. Baba akaiangalia kidogo, akakunja uso.

"Hii haikumtoa vizuri," akasema. "Igeuze tena."