Mstari wa Raya

Kisiwani Majivuni ni marufuku kuziba ufa. Kila nyumba hujengwa juu ya ufa wake, na kila bibi harusi anayeingia huchora sakafuni mstari wa chokaa unaouvuka ufa huo.

Bi Mwanakheri alikuwa akimwonyesha mkamwana wake, Raya, mistari ya waliotangulia. Ule wa bibi yake mumewe Bi Mwanakheri ulikuwa umekatika, nusu ya upande wa jikoni imesogea shibiri nzima kuelekea mlimani. Ule wa mama mkwe wa Bi Mwanakheri, vidole vinne. Wake yeye mwenyewe, kwa miaka thelathini, vidole viwili tu.

"Wataalamu wanasema hata miamba ya chini imesogea hivi hivi, tangu mlima ulipotapika moto mara ya kwanza," alisema. "Ufa huu ndio uliotuambia tukimbie mwaka ule, ulipoisogeza mistari ghafla kabla mlima haujatapika tena. Wanangu wote wazima, akiwemo mumeo. Nitaushukuru vipi mimi?"

"Na mimi nichore wapi, mama?"

"Hapa, mwanangu. Bismillahi."

Raya alichora taratibu, mstari ukanyooka, mweupe pe. Wakakaa mkekani, Bi Mwanakheri akamimina chai ya tangawizi.

Chai haijapoa, Raya akakunja uso.

"Mama, si nilinyoosha vizuri?"

Bi Mwanakheri akatazama. Mstari mbichi ulikuwa umekatika, upana wa ukucha.

Akainama, akauwekea ufa kiganja kama anayempapasa mtoto. "Ahsante kwa kutuwahi," akanong'ona.

Kisha akainuka. "Vaa viatu, mwanangu. Vikombe viache hapo hapo."