Punje Kwenye Rozari

Kila jioni waliposali rozari, Veridiana alimsubiri bibi yake afike kwenye ile punje ya mahindi. Ilikuwa imefungwa kwa uzi mahali palipodondoka shanga, na bibi akiigusa hakusema Salamu Maria kama wengine. Alinyamaza, kisha akaendelea.

Mwaka ambao mvua iligoma na kihenge cha nafaka kikabaki vumbi tupu, Veridiana alishindwa kuvumilia.

“Bibi, mbona hapo unanyamaza?”

“Zamani ilitupata njaa, mjukuu wangu, tukatafuna hata mbegu. Babu yako alikuwa hoi kitandani, nikampa hii ya mwisho. Akanirudishia mkononi. ‘Hii ni ya mvua,’ akasema. Asubuhi hakuamka.”

“Na mvua ilikuja?”

“Ilikuja. Ila sikuwa na moyo wa kuipanda punje hii.”

Wiki hiyohiyo, mchana, matone yakaanza kugonga bati. Bibi aliukata uzi kwa meno, akatoka uani kichwa wazi, akachimba kwa kidole.

Jioni, walipofika kwenye pengo la rozari, bibi alinyamaza kama kawaida. Safari hii nyumba nzima ilinyamaza naye, macho yote mlangoni, wakisikiliza maji yakizama ardhini.