Msimamizi Aliyependa Kuitikiwa

Walikuwako, na yaliyowapata ndiyo haya. Pimbi alikuwa msimamizi wa kuchimba handaki la kujikinga na moto wa nyika. Fuko na Buku walichimba, Kanga alilinda mlangoni, na kila mmoja alikuwa na lugha yake.

Pimbi alitoa amri kwa Kipimbi, haraka haraka, kisha akafoka, "Mmeelewa?" Wote wakaitikia kwa kichwa, maana aliyeuliza swali alifukuzwa.

Buku hakuwa na amani. Alimwendea Kanga, akamwomba kwa ishara, "Ukiona nyoka unaliaje? Nionyeshe." Kanga akalia kile kilio. Buku akaenda kumfundisha Fuko.

"Acheni michezo!" Pimbi akafoka. "Hapa ni Kipimbi tu."

Siku ya tatu Pimbi aliingia hadi mwisho wa handaki kukagua kazi. Ghafla Kanga akalia kule nje. Fuko akatimua mbio. Buku alimvuta Pimbi mguu, lakini Pimbi akamsukuma.

"Kanga ana makelele tu, rudi kazini!"

Buku akakimbilia nje. Kilio kikakatika. Mwanga wa mlangoni ukafifia, ukazimika, na kitu kizito kikaanza kujiburuta kuja ndani, polepole.

Chatu alifika mbele ya Pimbi, akasema neno moja kwa Kichatu, kama anayeuliza. Pimbi hakulijua neno hilo. Lakini kwa hofu aliyokuwa nayo, akaitikia kwa kichwa.