Watoto wa Watu

"Adrenalini tena. Pitisha kwenye kitovu, siyo kwenye mpira wa hewa," sauti ya daktari bingwa wa watoto ilisema nyuma ya muuguzi. "Kwenye mpira mnabahatisha tu."

Muuguzi hakugeuka. Vidole gumba vyake viwili vilikuwa vikibonyeza kifua cha kichanga, kifua kisichojaza hata kiganja. Daktari mgeni akasukuma dawa kwenye mshipa wa kitovu, kisha maji ya chumvi ya kuisindikiza.

"Moyo?"

"Kimya," akajibu daktari mgeni.

Sauti ya bingwa ilikuwa na ukali wake wa kila siku. Ila leo ilikuwa imekauka, kama ya mtu ambaye hajaonja hata tone la maji tangu asubuhi. Katika chumba kile hakuna aliyethubutu kuacha kubonyeza kabla yeye hajasema basi. Hata mkuu wa hospitali alikuwa akifyata mkia mbele yake.

"Kuna vasopresini kwenye friji," daktari mgeni akasema kwa woga. "Watu wazima huwa tunawapa moyo ukisimama."

Muuguzi alisubiri balaa lishuke. Wimbo wa bingwa waliukariri wote: dawa isiyo na ushahidi kwa vichanga, hatuwajaribii watoto wa watu. Juzijuzi baba mmoja alipiga magoti akiomba chochote, akaambulia maneno hayohayo.

"Mpeni," bingwa akasema.

"Daktari, si wewe mwenyewe ulisema..."

"Nimesema mpeni!"

Wakampa. Wakabonyeza, wakapuliza hewa, wakabonyeza tena. Daktari mgeni akaweka kipimo kifuani, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mikono ya muuguzi ilishajua mambo yamekwisha, lakini iliendelea, ikingoja neno.

Neno lilichelewa sana.

"Basi," bingwa akasema. "Acheni. Mnamtesa bure."

Muuguzi akamfuta mtoto uso, akamviringisha kwenye shuka safi. Hapo kwao kila mama hupewa mwanawe amshike, hata akiwa hivi. Akaizunguka meza ya vyombo, akamngoja daktari wa upasuaji akaze uzi wa mwisho tumboni, kisha akainama na kumlaza mtoto kwenye kifua cha daktari bingwa, aliyelala kwenye kitanda cha upasuaji.

"Mama," akasema, na tangu wafahamiane hakuwahi kumwita hivyo, "ni wa kike."